Wa Mwisho Mteremkoni

Mfupa wa Perez ulipovunjika, wenzake waliokuwa mbele walidhani ni kijiti kimekanyagwa. Hakuna aliyegeuka. Kugeuka kulipunguza mwendo, na kwa Kochi Johnstone sheria ilikuwa moja tu: wa mwisho mteremkoni anachapwa.

Kila asubuhi wakimbiaji wake walishuka ile njia ya ng'ombe inayotoka juu, upande wa Moiben, ikiporomoka kuingia bonde la Kerio. Mawe yaliteleza chini ya nyayo zao kama mahindi yaliyomwagika sakafuni. Kochi mwenyewe alishuka nyuma yao na nyahunyo mkononi, ile ya mpira wa tairi. Zamani alikuwa askari, na miguu ya kiaskari bado alikuwa nayo. Aliyebaki nyuma hakuhitaji kuambiwa amebaki. Mgongo wake ulimwambia.

Basi Perez alianguka, na Kochi akafika. Kwanza alimchapa. Alimchapa mabegani, akashuka mapajani, akimwambia aamke, aache sinema. Alimchapa mpaka akaona kitu cheupe kimetoboa ngozi ya muundi, pale mbele ya mguu, ndipo akaacha. Akasema wamfunge kitambaa, na wengine waendelee, kwani mazoezi si matanga.

Habari hiyo Wamucii aliipata jikoni kwake Yamumbi, kwa kinywa cha binti yake Virginia, ambaye alikuwa kambini kwa Johnstone na alirudi nyumbani kila Jumamosi. Msichana aliisimulia huku akila, akacheka, akaiga jinsi Perez alivyolia. Wamucii aliacha kukoroga. Mfupa uliotokeza nje ulimtisha, lakini kicheko kile kilimtisha zaidi. Alijiuliza ni mahali gani hapo wanapofundisha watoto wa watu kucheka hivyo.

Tena aliona jambo lingine. Jikoni palikuwa na kidaraja kimoja cha kushukia uani, na Virginia alishuka akitanguliza mguu wa kushoto. Akapanda, akashuka tena kuchukua maji, kushoto tena. Mguu wa kulia hakuutanguliza hata mara moja. Na miundi yote miwili ilikuwa na vipele vyekundu, kama mtu aliyelala kwenye thabai, yale majani ya kuwasha. Wamucii aliyajua majani hayo vizuri; aliyachuma kwa kitambaa, akayachemsha, akayaponda na viazi. Lakini ni nani anayeyaingia kwa miguu mitupu?

Virginia alieleza bila haya. Ilikuwa dawa ya Kochi. Mguu ukiuma, unaletwa mbele ya wenzako kabla ya kukimbia, unachapwa thabai mbichi mpaka unawaka moto. Ukishawaka hivyo, yale maumivu ya ndani huyasikii tena. Na wakati unachapwa huruhusiwi kutikisika, hata kope. Ukiuvuta mguu, siku hiyo unaanza wa mwisho. Kochi alikuwa ameyachukua yale ya vijana mbele ya kisu cha tohara, ya kusimama kama mti watu wakikutazama usoni, akayaleta kwenye mbio, kwa wavulana na wasichana sawasawa. Watoto wakaona ni heshima. Kumbe moto wa ngozi ulikuwa unafunika moto wa mfupa tu, na mfupa ukiendelea kuungua chini yake kama gunzi ndani ya jivu.

Wamucii alimkalisha kwenye kigoda, akashika mguu wa kulia, akapitisha kidole gumba juu ya muundi taratibu, kutoka gotini kushuka. Katikati alikuta uvimbe mdogo, kama punje ya mahindi chini ya ngozi. Akaubonyeza.

"Unauma?"

"Hauumi."

Uso wa Virginia ulikuwa mkavu kama ukuta. Lakini juu ya mdomo wake palitoka jasho, na Wamucii akaliona.

Jumatatu hakumpeleka stendi kupanda gari la Moiben. Alimshika mkono, akampeleka hospitali mjini. Njia nzima walivutana kama mtu na ndama, na kwenye foleni binti alimfinya mamake mpaka damu ikatoka. Daktari alipiga eksirei, akaiinua dirishani kwenye mwanga, akamwonyesha Wamucii ufa mwembamba, kama ule wa yai lililogongwa lakini halijamwagika. Alisema mguu huu ukipumzishwa utapona, na msichana atakimbia tena, pole pole, mwaka ukigeuka. Ukilazimishwa kukimbia sasa utakatika, na ukikatika kwenye mawe na uchafu huenda wakaukata kabisa, hapo chini ya goti. Akaupiga plasta, akampa magongo, akasema isitolewe mpaka mahindi yavunwe.

Mahindi wakati huo yalikuwa bado na nywele mbichi.

Kiarie, baba ya Virginia, alikuwa na duka dogo pale Yamumbi. Alipoona plasta ikishuka kutoka kwenye gari, alitoka nyuma ya kaunta, akampiga Wamucii kofi mbele ya wateja, na mama mmoja aliyekuwa akinunua chumvi akaiacha akaenda zake. Kiarie hakuwa mlevi wala mtu wa kupigapiga. Alikuwa mwoga, na mwoga akishikwa pabaya ana mkono mzito kuliko jasiri. Sikukuu ya Oktoba kungekuwa na mbio kubwa za mteremko ule, chama tawala ndicho kilichoziandaa, na mwenyekiti wake alikuwa ametangaza kwamba msichana wa kwanza ataandikwa kazi kwenye kiwanda kimoja cha mjini, akimbilie timu yao. Ukiacha hayo, Johnstone hakuwa kochi tu. Ndiye aliyewaongoza vijana wa chama upande ule, wale wa kusimama mlangoni na rungu siku za mkutano. Akisema duka lako halina kadi ya chama, kesho leseni yako haionekani. Siku hizo kumshtaki Johnstone ilikuwa sawa na kukishtaki chama, na chama kilikuwa kimoja. Ungekwenda kulalamika wapi?

Wamucii alishika shavu lake, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini kwamba duka linaweza kufunguliwa tena, lakini mguu hauoti.

Johnstone alikuja majani ya mahindi yalipoanza kukauka. Alikuja mchana, na vijana wawili. Mmoja wao Wamucii alimjua, Kipyego, mkimbiaji wa kambini, kijana mpole ambaye aliwahi kula kwake. Kochi alisalimia vizuri, akamwita Wamucii Mama, akaulizia hata kuku. Kisha akauliza yuko wapi farasi wake, yaani Virginia.

Wamucii aliingia katikati ya mlango. Alikuwa na sufuria ya uji mikononi, mvuke ukitoka, na akamwambia Kochi akipiga hatua moja atauvaa. Johnstone akacheka, akamwangalia Kiarie, kama mtu anayemwuliza mwenzake mbona ng'ombe wake hana kamba. Hiyo ilitosha. Kiarie alimkamata mkewe kiuno kwa nyuma. Uji ulimwagikia miguu ya wote wawili, wote wakapiga yowe, na Wamucii akaburutwa mpaka stoo, mlango ukafungwa kwa komeo.

Ndani ya stoo hakuona kitu. Alisikia. Alisikia kreti la soda likivutwa, na Kochi akiitisha panga. Akasikia Virginia, bila kuitwa mara ya pili, akitembea na magongo kuja, gongo moja, gongo la pili. Hapo ndipo moyo wake ulipopasuka. Hakuna aliyemshika mtoto yule. Aliuweka mguu juu ya kreti mwenyewe.

Wamucii alipiga mlango kwa mabega akimwita jina.

"Mama, wacha," Virginia akajibu kutoka nje. "Mguu ni wangu."

Panga likaanza. Plasta haikatiki kama mkate. Ilibidi wagonge, wachokoe, wagonge tena. Mara moja kulikuwa na mlio tofauti, laini, na Kipyego akasema damu, Kochi, na Kochi akamwambia hiyo ni damu ya nje, haina kazi. Vipande vikaanguka sakafuni. Kisha ukafika ule mlio Wamucii alioujua ni nini bila kuuona, majani mabichi yakipiga ngozi, tena na tena, na zaidi ya mlio huo kimya kabisa. Mtoto wake hakutoa hata pumzi.

"Sasa simama," Johnstone alisema. "Unauma?"

"Hauumi, Kochi."

Kiarie alipomfungulia stoo, Virginia alikuwa ameshaondoka na kina Kochi. Juu ya kreti kulikuwa na damu na majani ya thabai yaliyopondeka. Magongo yalikuwa yamevunjwa vipande na kurundikwa karibu na jiko, tayari kwa kuni. Wamucii hakulia. Aliokota vipande vya plasta kimoja kimoja, akavitia kwenye kikapu, kama mtu anayeokota mayai.

Asubuhi ya sikukuu alikwenda kwa Hussein, mwenye lori la kubebea mahindi, ambaye alikuwa akipanda Moiben gari tupu. Hussein alikataa kwanza. Alimwambia dada, leo ni siku ya chama, na mimi nikisimama kwenye kizuizi cha polisi naulizwa kipande changu cha utambulisho kabla ya salamu. Ukileta fujo huko, nani ataulizwa gari lililokubeba? Wamucii hakumbembeleza. Alifungua kikapu, akamwonyesha ile plasta yenye damu. Hussein aliiangalia, akaangalia barabara, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Ingia," alisema. "Wakiuliza, nimebeba gunia moja linaloongea."

"Halitaongea," Wamucii akamjibu.

Alikuwa na mpini wa jembe chini ya leso. Hussein aliuona, akawa anaangalia mbele.

Juu, pale mbio zinapoanzia, kulikuwa na bendera, viti vya wakubwa na wanafunzi wa kuimba. Wamucii hakukaribia. Alizunguka kwenye mashamba, akaingia ile njia ya ng'ombe chini kidogo, akaishuka mpaka mahali Perez alipoanguka. Perez mwenyewe alikuwa amemweleza sokoni, akiwa ameketi na fimbo yake mapajani, mguu umepinda kama mpini mbovu: ni pale kwenye kona, baada ya jiwe kubwa, ambapo waliokaa juu hawaoni. Wamucii akakaa nyuma ya jiwe. Akasikia bunduki ya kuanzia, akasikia nyimbo zikikatika, halafu mawe yakaanza kulia.

Walipita wa kwanza kama mbuzi waliofukuzwa na chui. Hakuna aliyemwona. Wakapita wengine, macho kwenye miguu yao, midomo wazi. Virginia hakuwemo. Wamucii akaanza kuomba kwamba labda amekataa, labda ameketi juu na watu. Kisha akamsikia. Kila mkimbiaji ana mlio wake, na mlio wa mtoto wake siku hiyo ulikuwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi. Mguu mmoja ulikuwa unaogopa ardhi.

Alikuwa wa mwisho. Nyuma yake Johnstone alishuka akipumua vizuri kabisa, na nyahunyo ilipanda na kushuka kama mtu anayepura maharagwe. Fulana ya Virginia ilikuwa imechanika mgongoni. Miundi ilikuwa myekundu kwa thabai, na uso ulikuwa ule ule mkavu, wa ukuta, hata sasa.

Wamucii alitoka nyuma ya jiwe akamrukia.

Si kumkumbatia. Alimpiga kikumbo kwa mwili mzima, upande wa kilima, wakaanguka wote kwenye majani, wakabiringika, na Virginia akapigana naye kama paka. Alimkwaruza uso. Alimwuma mkono. Alimwambia, kwa sauti ambayo Wamucii hakuwahi kuisikia nyumbani kwake, kwamba amemwua, kwamba kazi imekwenda, kwamba yeye si mama. Wamucii alimkalia mapajani kama mtu anayekalia mlango wa zizi, ule mguu wa kulia ameunyoosha kando usiguswe.

Nyahunyo ikawafikia. Johnstone hakuchagua, alichapa mgongo wa mama na uso wa mtoto, akimwamrisha farasi wake ainuke. Na Virginia, amini usiamini, akajaribu kuinuka.

Hapo Wamucii akauvuta mpini. Hakulenga kichwa. Alilenga goti, kwa mikono miwili, kama anavyovunja donge la udongo shambani wakati wa kiangazi, na goti la Johnstone likaitika. Kochi alikaa chini ghafla. Kisha akalia. Alilia kwa sauti nyembamba, ya kuvuta, akishika mguu, akimwita mama yake kwa lugha ya kwao, na bonde likamrudishia. Virginia aliacha kupigana. Alimtazama mtu yule akilia, mdomo wazi, kama aliyeona jiwe likitoa maziwa.

Vijana wa chama wakaja mbio kutoka juu, Kipyego akiwa nyuma yao. Johnstone, machozi yakimtoka, alimnyooshea kidole mama yule akasema mmalizeni. Walimpiga kwa rungu na viatu. Wamucii alijikunja juu ya miguu ya binti yake, na hakutoka hapo hata walipomvuta nywele. Wale wengine walipochoka wakamtazama Kipyego, maana hakuwa amepiga. Kijana akaokota ule mpini wa jembe. Alikuwa analia, lakini alipiga kwa nguvu zote, kama mtu anayeogopa kuwa wa mwisho. Mkono wa kushoto wa Wamucii ukavunjika juu ya kiwiko.

Na mlio ulikuwa ule ule, wa kijiti. Safari hii Virginia aligeuka.

"Ni mfupa huo," alisema. Akapiga kelele sasa, kelele ambayo ilikuwa imekaa ndani yake tangu ile thabai ya kwanza. "Mnamvunja mama yangu mfupa!"

Wakulima waliokuwa wakikata mahindi upande wa pili wa mteremko wakasikia, wakaja na mapanga yao, wakasimama tu. Ilitosha. Vijana walimbeba Kochi wao, wakapanda naye, na kila hatua alilia.

Wamucii alilala selo kwa kuharibu sherehe ya chama, mkono umening'inia bila kufungwa, ndiyo maana ulishikana vibaya. Duka la Kiarie lilifungwa, kama alivyoogopa, na Kiarie akaenda kulima vibarua Turbo. Mara ya kwanza aliporudi alikaa uani muda mrefu, hakujua aanzie wapi, akachukua shoka akapasua kuni zote zilizokuwepo. Wamucii alimpa chakula. Kumsamehe kulikuja baadaye, na hakukuja kote. Johnstone aliendelea kuwa mtu wa chama, lakini mteremkoni hakushuka tena. Aliketi juu kwenye kiti, akituma wengine. Kambi haikufungwa. Watoto wa watu walizidi kupelekwa, na wazazi wakijua. Mzazi akiona kazi mbele, jicho lake haliangalii chini kwenye miguu.

Ule ufa wa Virginia ulikuwa umepanuka, lakini haukuwa umekatika. Daktari aliupiga plasta nyingine, akatikisa kichwa, akasema ulibaki kidogo sana, kona moja zaidi ungekatika. Akawafundisha ya kufanya itakapotoka: kwanza kusimama, uzito kidogo kidogo, halafu kwenye kile kidaraja cha jikoni, kupanda kwa vidole na kushusha kisigino polepole, mguu mmoja mpaka uchoke, kisha mwingine, halafu kutembea kwenye nyasi, si kwenye mawe, mteremko uwe wa mwisho kabisa. Na kila siku aulizwe, naye aseme kweli.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu. Virginia aliyafanya yote, lakini kwa miezi hakusema na mama yake ila neno moja. Alipanda na kushuka kidaraja, uso ukuta. Wamucii, akimenya viazi kwa mkono mmoja na kuvishikilia kwa ule uliopinda, alimwuliza kila asubuhi kama unauma, na kila asubuhi alijibiwa neno lile lile, hauumi, hata siku ambazo jasho lilisimama juu ya mdomo. Siku hizo Wamucii alimnyang'anya viatu akavifungia stoo. Walipigana pia, mara mbili, kwa mikono, mama mwenye mkono mmoja na binti mwenye mguu mmoja, mpaka jirani akaja kuwatenganisha huku akicheka na kulia pamoja.

Mvua ya kupandia ilipokuja, Virginia alianza kukimbia. Alikimbia kwenye nyasi nyuma ya kanisa, polepole, akina mama waliobeba maji wakimpita na kumtania kwamba mbona mwanariadha amekuwa mkokoteni. Alivumilia. Kila siku aliongeza kidogo, na Wamucii alisimama kando ya ua akisikiliza mlio: mwepesi, mwepesi, mwepesi.

Kisha asubuhi moja mlio ulibadilika. Wamucii aliacha kazi. Alijua kitakachofuata, alikuwa amekiona kwa macho yake. Mtoto atauma meno, atazunguka tena, atarudi na uso wake mkavu. Akaanza kutafuta ufunguo wa stoo kwenye mfuko wa aproni.

Lakini mlio ulikuwa umesimama. Virginia alikuja akitembea, viatu mkononi, miguu mitupu kwenye umande. Aliketi kwenye kidaraja, akaunyoosha mguu wa kulia mbele ya mama yake. Uso wake ulikuwa umekunjamana, mdomo ukitetemeka kama wa mtoto mdogo, na hakuuficha.

"Mama," alisema. "Leo unauma. Hapa."

Wamucii alipiga magoti kwenye tope, akauweka mguu mapajani.

"Nionyeshe," alisema.